Kanuni za rali ziandike bei, zisiishie kwenye bampa

Kuanzia mwaka 2027 magari ya daraja la juu katika Mashindano ya Dunia ya Rali yatabadilika tena. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, limeshapitisha kanuni, na ndani yake limo jambo ambalo sisi mafundi tumelingoja kwa muda mrefu: bei. Gari lisizidi euro 345,000, ambazo kwa hesabu ya siku hizi ni kama shilingi milioni 50 za Kenya. Vijana wanaoshinda gerejini kwangu waliposikia milioni 50 waliangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hiyo ndiyo bei nafuu?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu gari linaloondoka hutajwa kuwa karibu euro milioni moja.

Mimi ni fundi. Gereji yangu iko Industrial Area, Nairobi, na riziki yangu kubwa hutoka kwa magari ya kawaida: breki zilizoisha, klachi zinazoteleza, injini zinazovuja oili. Magari ya rali huingia kwa mlango wa pembeni. Ni ya madereva wa klabu wanaojilipia wenyewe, ambao mdhamini wao mkubwa huwa ni shemeji mwenye duka la rangi. Nimewahudumia watu hawa tangu enzi ambazo Safari Rally ilikuwa ikifanyika Pasaka, na kila kanuni mpya niliyoiona ikitangazwa kwa mbwembwe huko Ulaya ilinifikia hatimaye ikiwa ankara ya kumpelekea mteja.

Maoni yangu ni haya. Kanuni ikishughulika na umbo la gari peke yake, fedha hukimbilia pale ambapo kanuni imenyamaza. FIA imefanya vyema kuandika bei ya gari. Lakini gari hununuliwa mara moja, na rali hulipiwa kila wikendi. Nasi huku nyumbani, katika mashindano yetu ya taifa, tuna nafasi ya kuandika kanuni bora kuliko hiyo, kwa sababu tuliwahi kuwa nayo.

Mkenya hahitaji kwenda Ulaya kuelewa jinsi karatasi ya serikali inavyobadilisha gari. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zilibadilika sura kwa muda mfupi mno: michoro ikafutwa, mstari wa manjano ukapita ubavuni, mikanda ikafungwa kwenye viti, kidhibiti mwendo kikawekwa. Waliouza mikanda na vidhibiti walichuma, na waliokuwa na gari moja la mkopo walitoa jasho. Rali iko hivyo hivyo, ila viwango vya fedha ni vikubwa na watazamaji hushangilia.

Chukua sura ya gari la Safari lenyewe. Wenye umri wangu wanalikumbuka la miaka ya tisini: mbele lina bulba ya mabomba ya chuma, juu yake taa kubwa za ziada, na ubavuni mwa kioo cha mbele bomba la kuvutia hewa, snokeli, limepanda hadi usawa wa paa. Gari limeinuliwa, shokomzoba zake ni nene kuliko mkono wangu, na juu helikopta ya timu inamwonya dereva kwa redio kwamba mbele kuna punda au lori. Hakuna aliyeyaweka hayo kwa kutafuta urembo. Barabara za Safari hazikufungwa. Dereva alishindana katika barabara ile ile aliyokuwamo mchungaji na ng'ombe wake. Mbio za 2002, za mwisho kabla Safari haijaondolewa kwenye ratiba ya dunia, zilikuwa na takriban kilomita 1,000 za ushindani. Timu kubwa zililazimika kutengeneza gari maalumu kwa ajili ya nchi moja, na kulifanyia majaribio huku kwa wiki kadhaa. Hebu fikiria gharama hiyo.

Safari iliporudi mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, kilomita za ushindani zilikuwa kama 320, na barabara zilifungwa kwa watu wengine. Bulba ikatoweka, na taa za ziada, na helikopta ya kuonya. Gari lililokuja Kedong na Hell's Gate likafanana sana na lile linalokimbia Ureno au Sardinia. Wazee wenzangu walilalamika kwamba Safari imenyolewa. Mimi nililiona kama somo: kufunga barabara kulitosha kubadilisha uso mzima wa gari, na kulipunguza bili kuliko hotuba yoyote ya kubana matumizi. Kisha vumbi la Kedong, lile laini kama unga wanaloliita fesh-fesh, likaanza kuingia kwenye injini na kuziua. Kanuni ikalegezwa, na Safari ya 2024 ilipofika, snokeli zilikuwa zimerudi kwenye magari ya viwanda. Ardhi nayo ina kura yake.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kanuni iliyotaja idadi. Mwaka 1982 lilianzishwa Kundi B. Kiwanda kilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ndipo kiruhusiwe kushindana. Mia mbili ni idadi ambayo kiwanda kinaweza kuitengeneza hata bila nia ya kumuuzia mtu wa kawaida. Kwa hiyo wakaunda magari yasiyofanana na chochote barabarani: bodi nyepesi za plastiki na nyuzi unazozinyanyua kama kifuniko, mara nyingi injini nyuma ya kiti cha dereva, turbo, mabawa makubwa. Peugeot 205 T16, Lancia Delta S4, Audi Sport Quattro S1. Nguvu ilipanda kupita kiasi ambacho binadamu anaweza kukimudu. Mwaka 1986 gari liliparamia watazamaji Ureno na kuua, na mwezi Mei Henri Toivonen na mwenzake Sergio Cresto wakafa kwenye moto Corsica. Kundi B likafutwa, likakoma mwishoni mwa mwaka huo.

Wakati huo wote, hapa kwetu, magari hayo ya ghali hayakushinda. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda Safari kwa Opel Ascona 400. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikawa ni Toyota Celica ya turbo, ya Björn Waldegård, kisha ya Juha Kankkunen, kisha ya Waldegård tena. Ascona na Celica zote zilikuwa zinasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, wakati wakubwa wa Ulaya walikuwa na teknolojia ya magurudumu manne. Celica ilikuwa gari ambalo fundi anaweza kulifungua kando ya njia na kulifunga tena. Sikumbuki mtu yeyote aliyesimama barabarani akalalamika kwamba mbio zilikosa ladha kwa sababu mshindi hakuwa gari ghali kuliko yote.

Mwaka 1987 kanuni ikawa ya Kundi A, magari 5,000. Tazama kilichotokea: Hannu Mikkola akashinda Safari kwa Audi 200 Quattro, gari refu la milango minne, la aina anayopandia mkurugenzi wa benki. Namba moja ilibadilika kwenye karatasi, na mshindi wa Safari akageuka kutoka Celica hadi gari la kwenda ofisini.

Lakini faida kubwa ya ile 5,000, ambayo baadaye ilipunguzwa hadi 2,500, haikuonekana jukwaani. Ilionekana barabarani kwetu. Kiwanda kilichotaka ubingwa kililazimika kuuza gari lenyewe kwa watu. Ndiko zilikotoka Subaru Impreza za turbo, Mitsubishi Lancer Evolution na Toyota Celica GT-Four. Magari hayo yalinunuliwa Japani, yakachakaa kidogo, yakapakiwa melini, yakashuka Mombasa. Kijana anayeunguruma na Subaru usiku Thika Road hajui kwamba anaendesha matunda ya kanuni ya rali. Na dereva wa klabu alipata kitu alichokihitaji kuliko ubingwa: gari la mashindano ambalo spea zake zinauzwa Kirinyaga Road.

Naomba nikae hapo kidogo, maana ndipo penye mfupa wenyewe. Lancer Evolution ya mteja wangu mmoja iligonga jiwe, mkono wa chini wa gurudumu la mbele ukapinda. Jumatatu asubuhi nilimtuma kijana Kirinyaga Road na ule mkono uliopinda ukiwa ndani ya gunia. Alasiri alirudi na mwingine wa Japani, umetumika lakini mzima, bei waliyoelewana baada ya kelele kidogo. Tuliuchunguza kama una nyufa, tukaupiga rangi, tukaufunga. Jumamosi iliyofuata gari lilikuwa mashindanoni. Huo ndio uchumi wa rali ya mtu wa kawaida. Haumo kwenye kitabu chochote cha kanuni, lakini bila huo orodha ya washiriki ingekuwa na majina manane.

Mwaka 1997 mlango huo ulianza kufungwa. Ilikuja kanuni ya World Rally Car: kiwanda hakikulazimika tena kuuza gari lenye turbo na magurudumu manne, kiliruhusiwa kuchukua gari dogo la familia na kuyaongeza hayo kwenye lile la mashindano tu. Viwanda vilifurahi, na ni kweli vingi viliingia. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Subaru, na ya 1999 kwa Ford Focus mpya kabisa. Lakini Focus ile na Focus uliyoweza kuinunua dukani ziliwiana taa na jina tu. Tangu hapo gari la juu la rali likazidi kujitenga na la mtaani.

Kisha ikaja haibridi. Mwaka 2022 magari ya Rally1 yalipewa fremu ya mabomba ya chuma badala ya bodi ya kiwandani, na mota ya umeme ya kilowati 100. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilikwenda Naivasha kutazama wenzangu wanavyofanya kazi, nikawaona mafundi hodari wamesimama mikono mifukoni wakingoja taa ndogo ibadilike rangi: ya kijani, shika gari, nyekundu, kaa mbali, kuna umeme wa kuua. Sanduku lenyewe la haibridi lilikuwa limefungwa kwa lakiri, na fundi wa timu hakuruhusiwa kulifungua. Viwanda vilivyoshiriki vilibaki vitatu tu, Toyota, Hyundai na Ford kupitia M-Sport. Mwaka 2025 haibridi ikatupwa. Ili magari yasizidi nguvu kwa kuwa yamekuwa mepesi, tundu la hewa ya turbo likapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35, na uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Mtu wa nje ataona milimita moja. Fundi ataona injini inayopaswa kupimwa na kurekebishwa upya tangu mwanzo, na kompyuta yake kuandikwa upya, na mtu anayelipia hayo yote.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Meza inayoandika kanuni hizi huwa na viti vya viwanda, na si ajabu kanuni zikafuata kile ambacho kiwanda kinataka kuuza mwaka huo. Umeme ulipokuwa unauzika, gari la rali likawa na umeme. Siwalaumu, wao ndio wanaotoa fedha. Ila dereva wa klabu wa Nakuru au Eldoret hana kiti pale, na kanuni zile zile humfuata hadi nyumbani.

Zinamfuata kupitia daraja la pili. Mwaka 2012 FIA ilikuja na magari ya R5, ambayo siku hizi yanaitwa Rally2, na yalikuwa na ukomo wa bei wa euro 180,000. Nilishangilia. Baadhi ya spea nazo ziliwekewa ukomo. Magari yakawa mazuri sana. Škoda, Volkswagen, Ford, Hyundai, Citroën, wote wakayajenga. Mwaka 2018 na 2019 Carl Tundo na Baldev Chager walikuwa bado wanashinda Safari kwa Lancer Evolution X. Miaka miwili baadaye Mkenya aliyewatangulia Wakenya wenzake katika Safari, Onkar Rai, wa saba kwa jumla, alikuwa ndani ya Volkswagen Polo R5. Mwenye Evo akajikuta na gari zima, zuri, linalokwenda, ambalo haliwezi tena kushinda chochote cha maana.

Na aliyenunua R5 akajikuta na jambo jingine. Akipinda mkono wa gurudumu, Kirinyaga Road haimsaidii. Kanuni inasema spea lazima iwe ile iliyosajiliwa, yenye namba ya kiwanda. Inaagizwa Ulaya. Ukomo wa bei ni wa mlangoni mwa kiwanda. Baada ya hapo kuna ndege, kuna ushuru, kuna euro iliyopanda wiki hiyo. Mteja mmoja aliniuliza huku ameshika ankara mkononi, "Fundi, gari si tulishamaliza kulinunua? Sasa hizi tunalipia nini?" Tulikuwa tunalipia kanuni.

Ndiyo maana nasema euro 345,000 za mwaka 2027 ni nusu ya kazi. Kanuni hizo mpya zina mengi ya kupendeza: warsha huru, zisizo za kiwanda, zitaruhusiwa kujenga gari, na umbo la bodi limepewa uhuru zaidi, hivyo huenda tukaona sura ambazo hatujazizoea. Lakini hakuna ukomo wa bei ya gari utakaomsaidia mtu ambaye kila rali inamgharimu shokomzoba mbili, rimu nne na giaboksi.

Wako watakaosema unafuu ni adui wa usalama. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, na jibu lake ni rahisi: usalama usihesabiwe kabisa. Fremu ya ndani inayomkinga dereva, kiti, mkanda, kifaa cha kuzima moto, hivyo vibaki kwa viwango vya FIA na vilipiwe bei yake. Mkanda wa rali una tarehe ya mwisho kama dawa, na ikifika naukata kwa mkasi mbele ya mwenyewe hata kama unang'aa. Sijawahi kumwonea huruma mteja katika hilo. Marekani kuna mashindano ya magari makuukuu yanayoitwa 24 Hours of Lemons, yaliyoanza mwaka 2006, ambako gari halitakiwi kuzidi dola 500. Vifaa vya usalama haviingii katika hizo dola 500. Waandaaji wanaweza pia kulinunua gari lolote kwa bei hiyo hiyo. Ukiweka injini ya dola elfu kumi, jua unaweza kuondoka na dola 500 na nauli ya basi.

Hatuhitaji kuiga mchezo wa Wamarekani, maana wazo lenyewe lilikuwa hapa kabla yao. Mwaka 1953, Coronation Safari ya kwanza ilipoanza kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalikuwa yale ya dukani, na madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini. Yalipangwa kwa bei ya gari katika duka la Afrika Mashariki. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo. Hakukuwa na mshindi wa jumla, lakini aliyepoteza alama chache kuliko wote alikuwa Alan Dix, ndani ya Volkswagen kobe.

Turudishe hilo katika mashindano ya taifa. Liwepo daraja moja, au mawili, yanayopimwa kwa bei ya gari likiwa limeshatua Nairobi na ushuru umelipwa. Vifaa vya usalama viwe nje ya hesabu. Spea ya gari la barabarani, au iliyochongwa na fundi wa hapa, ikubaliwe mradi wakaguzi wameipitisha. Na gari likishinda, mshiriki mwingine awe na haki ya kulinunua kwa bei ya daraja hilo. Kipengele hicho cha mwisho kitafanya kazi kuliko wakaguzi ishirini, kwa sababu hakuna mtu atakayetia giaboksi ya milioni tatu katika gari analoweza kunyang'anywa Jumapili jioni kwa milioni mbili. Anayetaka Rally2 aendelee nayo katika daraja lake. Simzuii mtu kutumia chake.

Najua pingamizi litakalofuata: magari hayo yatakuwa mabaya kwa sura, na wadhamini hawataki gari baya. Wengine watasema tutumie magari ya zamani tu, lakini gari kongwe si lazima liwe rahisi. Nimeona katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, Porsche 911 zilizotengenezwa upya kwa fedha za kujengea ghorofa. Umri wa gari haupunguzi chochote ikiwa bei haikuandikwa. Na kuhusu sura, Volvo PV544 iliyokimbia Safari ya 1965 ilikuwa na mgongo wa mviringo. Timu ya kiwanda ilikuwa imeitumia Safari ya 1964 kisha ikaachwa hapa. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant wakaichukua, wakaitengeneza, wakashinda.

Je, leo kuna fundi wa Nairobi anayeweza kuchukua gari lililoachwa na kiwanda mwaka jana, akalitengeneza kwa spea za mtaani, na kanuni zikamruhusu hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia? Atakayeshika kalamu kuandika kanuni za msimu ujao aanze kwa kujibu swali hilo, kisha ndipo aje kwenye mambo ya bampa.